Kopo lilelile, gramu 5.3 zilezile: kwa nini bireti ilisoma 21.4 halafu 9.5? (Uzi wa kukokotoa ukolezi wa miyeyusho)

MtuWaMaabara (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mhudumu wa maabara katika shule moja ya sekondari huku nyanda za juu kusini, kule ambako mwezi wa sita mtu anaingia kazini na koti na halivui mpaka saa nne. Kazi yangu ni kuandaa miyeyusho ya praktikali za kemia. Nafungua uzi huu kwa sababu mbili. Ya kwanza, kila msimu wa mitihani wenzangu wa shule za jirani hunipigia wakiuliza "hii asidi niweke kiasi gani kwenye lita?", na majibu ya simu hupotea. Ya pili, kuna jambo lilinitokea mwaka juzi. Nusu yake nimeielewa, nusu nyingine bado inanisumbua, na naamini humu kuna mtu atakayeimalizia.

Ukolezi unajibu swali moja tu: ndani ya ujazo huu wa myeyusho, kitu chenyewe kimo kiasi gani? Vijiko viwili vya sukari kwenye kikombe na vijiko viwili kwenye birika ni sukari ileile, ila chai moja imekolea na nyingine haijakolea. Ukiongeza maji sukari haipungui, inatawanyika tu. Kanuni ya kuzimua ambayo wanafunzi wanaikariri, M1 × V1 = M2 × V2 (M ni ukolezi, V ni ujazo; 1 ni kabla ya kuongeza maji, 2 ni baada), haina siri nyingine zaidi ya hiyo. Kila upande ni idadi ya moli (kipimo cha wakemia cha wingi wa chembe), na maji hayaongezi moli wala hayapunguzi.

Kwa kitu kigumu, gawanya gramu zilizomo katika lita 1 kwa masi ya moli (gramu za moli 1), unapata molari, yaani moli kwa lita, kwa kifupi M. Sodiamu haidroksidi ni 40, kwa hiyo gramu 4 katika lita 1 ni 0.1 M.

Kwa asidi ya chupa wengi wanateleza, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Chupa yetu ya haidrokloriki inasema 36%, densiti 1.18, masi ya moli 36.5. Hiyo 36% ni ya uzito: gramu 36 za asidi halisi katika gramu 100 za kimiminika, si katika cm³ 100. Ndiyo maana densiti imeandikwa pembeni yake. Lita 1 ya kimiminika hicho ina uzito wa gramu 1180. Asilimia 36 ya hizo ni gramu 424.8. Gawanya kwa 36.5, unapata molari 11.64. Sasa unataka lita 1 ya 0.1 M: 0.1 × 1000 ÷ 11.64 = cm³ 8.6. Weka kwanza maji kama nusu lita kwenye chupa ya ujazo, mimina asidi taratibu, ongeza maji mpaka chini ya tumbo la maji pawe sawasawa na alama ya shingoni. Asidi huyafuata maji. Usiianze asidi ukaijia na maji juu yake, hasa ile ya salfa, inachemka na kurusha.

Hapo ndipo nilipokuwa naishia kila mwaka, na nilijiona nimemaliza.

Mwaka juzi mwezi wa tatu niliandaa praktikali ya kawaida kabisa, sodiamu kaboneti kwa haidrokloriki, kiashiria (cha kubadilika rangi asidi inapotosha) methili oranji. Kaboneti ni 106, kwa hiyo gramu 5.3 katika lita 1 ni 0.05 M. Moli 1 ya kaboneti hula moli 2 za asidi, basi cm³ 25 za kaboneti zinataka cm³ 25 za asidi ya 0.1 M. Chupa ya asidi ilifunguliwa siku hiyohiyo. Nikajaribu kabla ya wanafunzi kuingia, bireti (neli yenye alama inayoonyesha cm³ za asidi zilizoingia) ikasoma 21.4. Nikarudia, 21.4. Wanafunzi walikuwa wameshapanga foleni mlangoni. Nikawaachia waingie.

Kilichofuata kinaniuma mpaka leo. Mwongozo wa kusahihishia ulisema 25. Waliosoma bireti zao kwa uaminifu wakaandika 21.3, 21.4, 21.5, wakakatwa alama. Waliokwisha kupiga hesabu kichwani wakajua mwalimu anataka nini, wakaandika 24.9 na 25.1, wakapata zote. Kuna binti mmoja aliandika 21.4 mara tatu, akaitwa mbele akaulizwa kama ana uhakika, akajibu ndiyo. Akakatwa. Mimi nilikuwa pembeni naosha pipeti na sikusema kitu.

Mwezi wa sita, wiki ya mtihani wa majaribio, nikaandaa tena. Kopo lilelile, mizani ileile, gramu 5.3 zilezile. Safari hii bireti ikasoma 9.5.

Nikashuku asidi. Nikaimwaga, nikatengeneza nyingine kutoka chupa ileile. 9.5. Basi nikatafuta shahidi wa tatu. Nilikuwa na kopo la bikaboneti ya sodiamu ambalo halijafunguliwa. Hii haina maji ndani ya fuwele zake, masi yake ni 84, na moli 1 hula moli 1 ya asidi. Gramu 8.4 katika lita 1, nikachukua cm³ 25, asidi ikaingia cm³ 25.6. Maana yake asidi yangu ilikuwa 2.5 ÷ 25.6, yaani 0.0977 M. Imelegea kidogo, lakini si yenye kosa kubwa.

Ikabaki kaboneti. Kopo lilikuwa na karatasi iliyobandikwa na aliyenitangulia, jina tu kwa kalamu ya wino mzito. Nikaimenya kwa ukucha. Chini yake ilikuwepo lebo ya kiwandani, na fomula yake haikuishia kwenye O₃. Ilifuatwa na nukta, halafu 10H₂O, yaani maji kumi yaliyofungwa ndani ya fuwele kwa kila kaboneti moja.

Nikachukua gramu 10 nikaziweka kwenye kibakuli cha kauri juu ya moto mdogo. Wakuu, vile vipande havikusubiri kupata moto. Vikalainika, vikaogelea kwenye maji yao vyenyewe, vikatokota kama uji, halafu vikakauka na kuacha utando mweupe uliopasukapasuka. Nikapima, nikachoma tena, nikapima tena mpaka uzito ukaacha kubadilika. Zilibaki gramu 3.7. Gramu 6.3 zilikuwa maji.

Kwa hiyo masi halisi ya kilichokuwa kwenye kopo ni 106 + 180 = 286, na gramu zangu 5.3 zilikuwa 0.0185 M tu. Nikatengeneza upya kwa gramu 14.3 na mtihani ukafanyika salama.

Sasa swali langu. Kama kopo lilikuwa na maji kumi tangu mwanzo, mwezi wa tatu 21.4 ilitoka wapi? Sijabadilisha kopo. Nimeligeuza swali hili miaka miwili.

BintiKidatoIV

Shikamoo. Nimefuatilia hesabu yako na daftari. 0.0185 × 25 ÷ 1000 ni moli 0.0004625, mara mbili kwa asidi ni 0.000925. Kwa asidi ya 0.1 M ni cm³ 9.25. Wewe umeandika 9.5. Nimekosea wapi?

MtuWaMaabara

Marahaba. Hujakosea. Umetumia 0.1 M lakini asidi yangu siku ile ilikuwa 0.0977 M, kama bikaboneti ilivyosema. Gawanya 0.000925 kwa 0.0977, utapata 9.47, ambayo bireti inaisoma 9.5. Asidi ikilegea, inaingia nyingi zaidi.

Na ililegea kwa sababu haidrokloriki ni gesi iliyoyeyushwa majini. Kila ukifungua chupa unaona ule moshi mweupe mdomoni, na huo ndio ukolezi unaondoka. Lebo ya 36% ni ya siku ya kwanza. Miezi mitatu ya kufungua na kufunga, haiko tena hapo. Ndiyo maana cm³ 8.6 zinakupa *karibu* 0.1 M, kisha unapima dhidi ya kitu ambacho uzito wake unauamini ndipo ujue ni ngapi hasa. Sodiamu haidroksidi nayo haiaminiki kwa mizani: inavuta maji na kaboni dayoksaidi hewani ukiwa bado unapima. Ukichelewa, vile vidonge vinang'aa na kunata kwenye karatasi.

NesiWaZamu

Kaka, asante kwa uzi. Huku kwetu zahanati kemia yetu ni klorini. Ndoo ya kuloweka vifaa na kufutia sakafu inatakiwa 0.5%, ya kunawia mikono 0.05%. Wakati wa kipindupindu kila mtu anakuja na kipimo chake. Mmoja anasema kizibo kimoja, mwingine kikombe. Chupa yetu imeandikwa 3.5%. Ubaoni tumeandikiwa "moja kwa sita" na tunagombana kama hiyo sita ni maji peke yake au ni jumla.

MtuWaMaabara

Dada, sita ni maji peke yake. Gawanya unachonacho kwa unachotaka: 3.5 ÷ 0.5 = 7. Jumla ni sehemu 7, dawa ni sehemu 1, maji ni 7 toa 1, yaani 6. Ukiifanya sita kuwa jumla utapata 3.5 ÷ 6, kama 0.58%, imezidi kipimo. Ukiweka saba za maji unapata kama 0.44%, haifikii. Kwa mikono, 3.5 ÷ 0.05 = 70, basi sehemu 1 ya dawa kwa 69 za maji.

Mkiletewa unga, soma asilimia ya klorini kwenye ndoo yake. Gramu kwa kila lita ni unachotaka ÷ unachonacho × 1000. Unga wa 70% kwa 0.5% ni gramu 7.1 kwa lita. Wa 65% ni gramu 7.7. Zahanati mbili zikitumia "kijiko kimoja" kwa unga tofauti, zina ndoo mbili zisizofanana na wote wanajiona wako sawa.

Na hii haihusiani na hesabu lakini siwezi kuiacha: usichanganye na asidi ya kusafishia vyoo. Inatoa gesi ya klorini hapohapo chumbani.

NesiWaZamu

Nimeandika upya ubao: "DAWA KIKOMBE 1, MAJI VIKOMBE 6". Neno "moja kwa sita" nimelifuta.

Halafu hili la maji kwenye fuwele limenigusa, maana kwenye maji ya chumvichumvi ya kuharisha, orodha ya Shirika la Afya Duniani ya tangu 2002 inasema kwa lita 1: chumvi gramu 2.6, glukosi *kavu* 13.5, potasiamu kloridi 1.5, na sitreti ya sodiamu *yenye maji mawili* 2.9. Yale maneno "kavu" na "yenye maji mawili" nilikuwa nayaruka miaka yote.

MtuWaMaabara

Dada umenifungua macho, nimepiga hesabu sasa hivi. Chumvi 2.6 ÷ 58.5 ni milimoli 44 za sodiamu. Sitreti yenye maji mawili ina masi ya 294, kwa hiyo 2.9 ÷ 294 ni karibu milimoli 10, na kila moja inabeba sodiamu tatu, basi 30. Jumla 74, na wao wanasema 75. Mtu akitumia sitreti isiyo na maji (258) kwa gramu zilezile 2.9, inazidi. Na glukosi: kavu ni 180, 13.5 ÷ 180 ni milimoli 75 kamili. Ikiwa uliyonayo ina maji moja, masi ni 198, lazima upime gramu 14.85 ili upate ileile. Kwa hiyo neno moja tu, "kavu", linabeba gramu 1.35 kwa kila lita anayokunywa mtoto.

MfugajiWaPwani

Wataalamu, na sisi wa ng'ombe tusaidieni. Dawa ya kupe, lebo inasema amitrazi 12.5%, kipimo 1:500. Bomba langu la mgongoni ni la lita 20. Kijana wangu anaweka vizibo viwili na anasema ndivyo alivyofundishwa. Kupe hawafi.

MtuWaMaabara

Mzee wangu, 20,000 ÷ 500 = ml 40 kwa bomba zima la lita 20. Ukolezi wa mwisho ni 12.5 ÷ 500, yaani 0.025%. Hapa kama ni moja *kwa* mia tano au moja *katika* mia tano haina madhara, tofauti ni tone. Kwa klorini ya dada ilikuwa na madhara kwa sababu namba ni ndogo.

Tatizo ni kizibo. Jaza kizibo maji, kivute kwa sirinji, uone kina ml ngapi. Kikiwa na ml 10, viwili ni nusu ya dozi. Nusu ya dozi inaua kupe dhaifu na kuwaacha sugu, na hao ndio wanaozaliana. Sirinji ya ml 20, mara mbili, hesabu imekwisha. Na soma lebo ya chupa uliyonayo, kwani 12.5% si ya dawa zote.

MfugajiWaPwani

Nimepima. Kizibo ni ml 8. Tulikuwa tunaweka 16. Asante sana mwanangu.

MpimaMaji

Naomba kuingilia, kuna jambo watu wanachanganya hata humu. Gramu 5.3 *katika lita 1 ya myeyusho* si sawa na gramu 5.3 *kwenye lita 1 ya maji*. Unayeyusha kwanza kwenye maji machache, ndipo unajaza mpaka alama. Ukimimina lita nzima ya maji juu ya gramu zako, ujazo unaopata si lita.

BintiKidatoIV

Lakini gramu 5 si zinapotea tu kwenye maji ya lita nzima?

MpimaMaji

Kwa gramu 5 utakosea kidogo sana, bireti ya shule haitaiona. Chukua chumvi gramu 300 uiyeyushe kwenye lita 1 ya maji, utapata kama lita 1.1. Ukidhani una lita 1, umekosea sehemu moja katika kumi na moja. Mazoea ya mkono ni bora yawe yaleyale kwa myeyusho mwepesi na mzito, ili siku ya mzito usifikirie.

MwalimuMstaafu_Mombasa

Salaam aleikum nyote. Nimesomesha kemia kwa miaka mingi na nimeusoma uzi huu tangu juu. Mwanangu mwenye uzi, nina swali moja kabla sijasema neno. Mwezi wa tatu ulichota wapi ndani ya kopo? Na mwezi wa sita ulichota wapi?

MtuWaMaabara

Mwalimu, shikamoo. Mwezi wa tatu kopo lilikuwa limejaa, nilichota juu. Ilikuwa unga, mweupe kama ngano. Mwezi wa sita nilikuwa nimefika katikati. Kule chini havikuwa unga, vilikuwa vipande vinavyopenya mwanga, kama barafu. Nilivitwanga kwenye kinu ndipo nikapima. Nilidhani vimeganda tu kwa ajili ya baridi.

MwalimuMstaafu_Mombasa

Marahaba. Basi swali lako umelijibu mwenyewe kwa macho yako, ila hukulitia kwenye hesabu.

Fuwele za kaboneti zenye maji kumi hazikai na maji yao. Kwenye hewa kavu zinayaachia kidogo kidogo, zinapoteza ule uangavu, zinakuwa unga mweupe. Lakini haziyaachii yote. Zikifika kwenye maji moja zinasimama, na hilo la mwisho halitoki bila moto. Kifuniko cha kopo lako hakikuziba vizuri, tabaka la juu likapigwa na hewa, likawa na maji moja. La chini lilikuwa limefunikwa na la juu, likabaki na kumi. Kwa hivyo kopo moja lilikuwa na vitu viwili, na katikati yake bila shaka mchanganyiko usiokuwa na jina.

Nikiwa darasani nilikuwa nikiwaonyesha kwa mrututu (kopa salfeti), kwa kuwa mrututu una rangi. Tia kidogo kwenye neli ya kioo, ichome, ile buluu inaondoka inabaki nyeupe kama chokaa, na mdomoni mwa neli matone ya maji. Ngoja ipoe, dondosha tone moja la maji, buluu inarudi na neli inapata joto mkononi. Asilimia 36 ya mrututu ni maji. Kaboneti yako ni 63. Mtoto akishaiona buluu ikiondoka, hakuna haja ya kumkaririsha.

Na mkiwa huko bara, msije mkapima magadi mkayaita kaboneti. Magadi yale ya Ziwa Magadi na Ziwa Natron ni kaboneti na bikaboneti pamoja, na maji mawili juu yake. Masi yake ni 226. Kwa maharage ni mazuri, kwa bireti siyo.

Binti wa kidato cha nne, kama bado upo, ichukue ile 21.4 uirudishe nyuma. Usianze na 106. Anza na bireti.

BintiKidatoIV

Nipo Mwalimu. Nimejaribu.

Asidi ya mwezi wa tatu ilikuwa imefunguliwa siku hiyo, nachukua 0.1 M. Moli za asidi: 0.1 × 21.4 ÷ 1000 = 0.00214. Kaboneti ni nusu yake: 0.00107, zilizomo ndani ya cm³ 25. Katika lita 1 ni mara 40: 0.0428 M.

Gramu zilikuwa 5.3. Masi ya moli = 5.3 ÷ 0.0428 = 123.8. Toa 106, inabaki 17.8. Gawanya kwa 18.

Ni 0.99. Maji moja.

MwalimuMstaafu_Mombasa

Ahsante, binti.

MtuWaMaabara

Wakuu, nimekaa na simu mkononi kwa muda kabla ya kuandika hili.

Bireti zile zilikuwa sahihi. Si kwa kukaribia, sahihi hasa. Binti yule aliyeandika 21.4 mara tatu alikuwa amepima maji moja ya fuwele bila kujua, kwa vifaa vya shule, na akasimamia alichokiona. Mwongozo wa kusahihishia ulikuwa unazungumzia kitu ambacho hakikuwemo kwenye kopo. Na mimi nilikuwa na namba ileile mkononi kabla yake, mara mbili, nikanyamaza kwa sababu foleni ilikuwa mlangoni.

Nilikuwa nafundisha watu kwamba hesabu inaanza na kanuni. Inaanza na kopo. Lina maji mangapi? Ni asilimia ya uzito au ya ujazo? Lilifunguliwa lini? Ukikosea hapo, kikokotoo kitakupa jibu safi lenye desimali nne la kitu kingine.

Mwalimu, je, nikikausha kopo lote kwa moto nitaweza kuliamini?

MwalimuMstaafu_Mombasa

Utaweza, kwa sharti. Ichome taratibu kwanza mpaka iache kutokota, kisha moto mkali. Ipoe ndani ya chombo kilichofungwa chenye kikaushio, kwa sababu kaboneti kavu nayo inavuta unyevu wa hewani. Ipime ingali kavu. Choma tena, ipoe tena, pima tena. Vipimo viwili vikifanana, hiyo ndiyo 106. Usiamini saa, yaani usiseme "nimechoma nusu saa basi yatosha". Amini mizani.

Na usiipime ikiwa ya moto. Hewa inapanda juu ya sahani ya mizani na kuibeba, utasoma pungufu.

NesiWaZamu

Kaka, yule binti yuko wapi sasa?

MtuWaMaabara

Alimaliza mwaka uleule, yuko chuo. Mama yake anauza mboga karibu na geti la shule, nimemwomba namba. Nitamtumia hesabu ya BintiKidatoIV kama ilivyo, sina cha kuongeza.

MtuWaMaabara

Narudi Jumamosi na matokeo. Kopo la zamani lilikuwa bado stoo, robo yake imebaki. Sehemu iliyokuwa imegusana na hewa imekuwa unga, vipande viko upande wa chini.

Unga, gramu 5.00: baada ya kuchoma mara tatu, 4.28, 4.27, 4.27.

Vipande, gramu 5.00: 1.88, 1.86, 1.86.

Kwa hesabu, maji moja yalitakiwa kuacha 4.27 na maji kumi 1.85. Ile sentigramu moja ya ziada kwenye vipande, nafikiri ni unga kidogo ulioshika nje.

Nimelipeleka daftari kwa mwalimu wa kemia, tukakaa naye maabara mpaka jua likazama. Amekubali kwamba kuanzia muhula huu mwongozo wa kusahihishia utaandikwa baada ya mimi kujaribu myeyusho, na namba itakayosimama humo ni ile ya bireti yangu, si ya karatasini. Isipolingana na hesabu, praktikali inaahirishwa mpaka tujue kwa nini, hata kama foleni iko mlangoni.

Karatasi mpya ya kopo nimeiandika hivi: jina, fomula nzima pamoja na maji yake, masi ya moli, tarehe ya kufunguliwa, tarehe ya kukaushwa mara ya mwisho. Lebo ya kiwandani nimeiacha wazi, karatasi yangu iko upande wa pili.